Matege ya Kurithi: Maana ya Kuendelea na Tiba Utu Uzimani

Matege yanayofahamika zaidi ni ya mtoto aliyepungukiwa vitamini D au kalsiamu, nayo huisha akipewa kilichopungua. Yapo mengine ya kurithi, ambayo madaktari huyaita kwa kifupi XLH, yanayompata takriban mtoto 1 kati ya 20,000. Asili yake ni hitilafu katika jeni ya PHEX, iliyo kwenye kromosomu X. Kwa hitilafu hiyo, mifupa hutoa homoni ya FGF23 kupita kiasi, nayo huzifanya figo kuyamwaga madini ya fosfati katika mkojo. Pasipo fosfati ya kutosha mfupa haukomai ukawa mgumu, hata mtoto akila vizuri na kuoteshwa jua kila asubuhi.

Kwa desturi mtoto huyo hunyweshwa fosfati mara kadhaa kwa siku, pamoja na kalsitrioli, yaani vitamini D iliyo tayari kufanya kazi. Wengi huacha dawa wanapofikia kimo chao cha mwisho, na si ajabu, kwa kuwa tangu mwanzo waliambiwa shabaha ni kunyoosha miguu. Lakini kinachokoma ni kukua tu. Figo huendelea kupoteza fosfati maisha yote, ilhali mfupa wa mtu mzima nao hubomoka na kujengwa upya kila siku. Ndiyo sababu mtu wa miaka 30 au 40 aliyejihesabu amepona huweza kuanza kuumwa nyonga na mapaja, akapigwa eksirei ikaonyesha nyufa zisizounga, huku meno yasiyo na tundu yakitunga usaha.

Kuendelea na tiba, basi, si kumeza dawa za utotoni bila kikomo. Fosfati na kalsitrioli zikitumiwa muda mrefu huweza kuacha chembe za kalsiamu ndani ya figo, hivyo kwa watu wazima hupewa hasa wenye maumivu, wenye nyufa au wanaojiandaa kwa upasuaji wa mifupa. Burosumabu, sindano inayoizuia FGF23 yenyewe, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watoto na watu wazima, ila bei yake ni kubwa mno. Asiye na dalili anaweza kukaa bila dawa, lakini asikae bila daktari, hasa akitarajia kuzaa: baba mwenye XLH huwarithisha mabinti zake wote na hamrithishi mwana wa kiume hata mmoja, ilhali kwa mama uwezekano ni nusu kwa kila mtoto, na mtoto huyo anaweza kupimwa kabla miguu haijapinda.