"Pampu inavuta hewa" maana yake nini hasa

Hii maneno ya "inavuta hewa" imenichosha. Siku hizi ukifungua boneti popote, iwe Kampala pale soko la spea la Kisekka, Ndeeba, Bwaise, hata kule mpakani Malaba kwenye foleni ya malori, pawa steringi (usukani unaosaidiwa na pampu ya oili) ikilia tu jibu ni hilo hilo. Inalia asubuhi ukiwasha, ina hewa. Inalia ukikata kona, ina hewa. Basi makanika anapiga jeki mbele, anazungusha usukani kushoto kulia ati kutoa hewa, anaongeza oili, anachukua pesa yake, halafu baada ya siku chache kelele inarudi na sasa jibu limebadilika, ati pampu imekufa, tafuta nyingine. Mwenye gari ananunua pampu ya used, inafungwa, nayo inalia vile vile.

Kuvuta hewa ni hivi: hewa ya nje inaingia kwenye oili upande wa kunyonya, yaani kati ya tanki dogo la oili ya steringi na pampu, pampu inaanza kusukuma povu badala ya oili. Ndio hiyo tu. Lazima kuwe na mahali hewa inapenya kutoka nje.

Sasa kuna ugonjwa wa pili, sauti yake inakaribiana sana na huo ndio maana watu wanachanganya, lakini hauna hewa ya nje hata kidogo. Huo ni pampu kunyimwa oili, mainjinia wanaita kavitesheni. Ndani ya pampu nyingi za steringi kuna rota yenye vibapa vidogo, inazunguka ndani ya ringi ya umbo la yai, vyumba kati ya vile vibapa vikipanuka vinanyonya na vikibanwa vinasukuma. Njia ya kunyonya ikiwa imeziba, chumba kinapanuka lakini oili haijafika, presha pale inashuka chini kabisa na oili yenyewe inaanza kutoa mapovu, mengine ni mvuke wake na mengine ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake tangu mwanzo. Mapovu hayo yakifika upande wa presha, na usukani ukiukunja hadi mwisho presha ya pale inaweza kufika bar 70 hadi 100 wakati tairi la gari dogo lina kama bar 2 na kidogo tu, yanafinywa yanaporomoka ghafla, na kila moja likiporomoka karibu na chuma linakigonga. Hiyo ndiyo kelele. Ikiendelea muda mrefu chuma kinaanza kuliwa vishimo, hapo ndipo pampu inakufa kweli, lakini imekufa kwa sababu ya kitu kingine ambacho bado kiko pale kinaingojea pampu mpya.

Na msidhani hii ni hadithi ya gereji. Mwaka 1894 Charles Parsons wa Uingereza aliingiza majini meli yake Turbinia, injini ya turbaini yenye nguvu sana, lakini meli ikagoma kwenda mbio alizotaka. Kumbe propela ilikuwa inazunguka kasi mpaka maji nyuma ya mapanga yanageuka mapovu ya mvuke, propela inakosa maji ya kushika. Hakukuwa na tundu lolote la kuziba, ilibidi abadilishe propela zenyewe, akaweka shafti tatu zenye propela tisa, na mwaka 1897 meli ikapita noti 30, yaani kama kilomita 55 kwa saa. Hata turbaini za umeme wa maji kama hizi zetu za Jinja, wanaozitengeneza lazima wapige hesabu ya jambo hili hili kabla hawajaamua turbaini ikae kina gani.

Ukitaka kuelewa haraka fikiria wazee wa Teso wamezunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, na mirija yao. Mrija ukipasuka juu utavuta hewa na pombe kidogo. Ule wavu wa chini ukizibwa na machicha utavuta mpaka mashavu yaingie ndani na hakuna kinachokuja, na hapo ukienda kutafuta ufa kwenye mrija hutauona kwa sababu haupo.

Kwenye gari anza na tanki. Washa injini, zungusha usukani kidogo, angalia oili. Ikiwa na povu, imepauka kama chai ya maziwa, na ukizima injini inapanda ghafla kwenye tanki, hiyo ni hewa ya nje. Hapo tafuta klempu ya hozi ya kunyonya iliyolegea, hozi iliyokauka ikapasuka, oringi ya pale hozi inapoingia kwenye pampu, au sili ya shafti. Na tafadhali usiseme "haivuji kwa hiyo haivuti hewa". Upande ule injini ikiwaka presha yake iko chini ya ile ya nje, hewa inaingia bila tone moja la oili kutoka, unaweza kuwa na kiungo kikavu kabisa na ndicho kinachovuta. Paka grisi nzito kuzunguka kiungo kimoja kimoja, ukikuta pale kelele inapungua umekipata.

Lakini kama inalia na oili kwenye tanki imetulia, safi, haina povu, acha kutoa hewa. Hakuna hewa ya kutoa. Hapo nenda kwenye wavu ulio chini ya tanki, magari mengi wanao na watu wengi hawajui kama upo, unajaa uchafu na vipande vya mpira vya hozi za zamani. Bana ile hozi kwa mkono uone kama imelainika, maana nyingine zikipata moto zinajinyonya zinafungana zenyewe. Na uliza ni nani aliongeza oili na aliongeza ipi. Toyota nyingi za zamani zinatumia ile nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, Dexron, ukimwaga ya injini ambayo ni nzito basi asubuhi ya baridi ya Kabale pampu inaomboleza mpaka ipate joto ndio inyamaze. Kunyamaza ikipata joto ni dalili kubwa ya huu ugonjwa wa pili, oili imekuwa nyepesi sasa inapita. Soma kifuniko cha tanki, kuna magari yanataka oili tofauti kabisa.

Oili ikipungua sana kwenye tanki unaweza kupata yote mawili kwa pamoja, ndio maana kipimo cha oili kinaangaliwa kwanza kabla ya mtu kusema chochote.

Zile kelele nyingine nazipitia haraka. Mlio mkali wa "kwiii" ukiwasha au ukikunja hadi mwisho mara nyingi ni beliti inateleza, nyunyiza maji kidogo kwenye beliti ukiwa mbali na puli, mlio ukibadilika papo hapo ni yenyewe. Sauti ya "shshsh" usukani ukifika mwisho ni valvu inaachia presha, ni kawaida, ila usiushikilie pale zaidi ya sekunde tano. Mngurumo usiobadilika hata ukikunja ni beringi. Na kama gari lako ni Passo au ile Vitz ya kuanzia 2005 usukani wake ni wa umeme, haina pampu ya oili kabisa, kwa hiyo yule anayekuuzia pampu yake anakuuzia kitu ambacho hakina mahali pa kufungwa.

Kwa hiyo makanika akikwambia "inavuta hewa", hakuna haja ya kugombana naye, wengi wao wanajua kazi na neno tu ndilo limezoeleka vibaya. Muulize taratibu, "Ssebo, inavutia wapi?" Akikuonyesha kiungo, mwache akaze. Asipokiona na oili ni safi, mwombe afungue tanki muangalie ule wavu kabla hujatuma mtu Kisekka.