Kuadhimisha si kukumbuka

Kila ikikaribia Aprili 7 nalisikia tena: "sherehe za Karume Dei". Juzi mshereheshaji mmoja alitukaribisha "tusherehekee kifo cha Mzee Karume", rais wa kwanza wa Zanzibar aliyeuawa siku hiyo, na ukumbi ukapiga makofi.

Maadhimisho ni shughuli ya hadhara ya kumtukuza mtu au tukio katika siku maalumu. Basi. Utamu uko kwenye mzizi: adhimu, Kiarabu, yaani kubwa, tukufu, ndugu yake ni adhama. Kuadhimisha ni kukuza. Kukumbuka ni neno letu la Kibantu nalo halichagui, unakumbuka fadhila na unakumbuka deni. (Sherehe kwenye diwani za mashairi ni kurasa za nyuma zinazofafanua maneno magumu. Sherehe ya namna hiyo ningeikubali Aprili 7.)

Anayeadhimishwa kila mwaka hukua upande mmoja. Hotuba zitataja eka tatu za ardhi walizogawiwa wakulima, majumba ya ghorofa ya Michenzani, elimu na matibabu ya bure, na yote ni kweli. Lakini baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 Zanzibar haikufanya uchaguzi wake wenyewe hadi 1980, na wazee wa mjini hawajasahau shida ya chakula ya mwanzoni mwa miaka ya 70. Hayo hayaadhimishiki, kwa hiyo yamebaki barazani. Hata yule Karume baharia aliyezunguka na meli kabla ya siasa amefifia. Aliyebaki ni sura kwenye sarafu ya shilingi 200.

Kinachofanyika Kisiwandui, mjini Unguja, alikopigwa risasi mwaka 1972 na alikozikwa, kina jina lake: hitma. Mzizi wake ndio ule wa kuhitimu, maana Kurani husomwa ikakamilishwa. Watu hukaa chini, juzuu zikagawiwa, kisha ikaombwa dua. Pale Mzee Karume hakuzwi hata kidogo. Anaombewa maghufira, yaani msamaha wa Mungu, na anayeombewa maghufira ni mja mwenye makosa yake kama mimi na wewe. Ajabu ni kwamba kisomo kile, kisichotaja eka wala ghorofa, ndicho kinachomrudisha kuwa mtu.

Kwa hiyo ndugu yangu mshereheshaji, hotuba za ukumbini ziite maadhimisho, sina ugomvi. Ila ukialikwa Kisiwandui, sema unakwenda hitmani.