Je, wajua kwa nini mbwa wa boma moja hungurumiana?

Jioni moja huku Kiamunyi, Nakuru, jirani alinikuta nimesimama kati ya mbwa wangu wawili, mwiko wa ugali mkononi. Simba, mzee wa miaka tisa, alikuwa ameinamia karai la ugali na mifupa ya buchari. Kila Tomi aliposogea, sauti nzito ilimtoka Simba kooni kama pikipiki inayokataa kuwaka. Jirani akatikisa kichwa. "Fahali wawili hawakai zizi moja. Huyo kijana mpe mtu, ama mchape huyo mzee aache."

Hilo la kuchapa ndilo baya zaidi. Mbwa hangurumi kwa sababu amekosa adabu. Ananguruma ili asilazimike kuuma. Ukitazama vizuri utaona alianza kusema kabla hata ya sauti: aliacha kutafuna, akakaza mwili, akakutazama kwa pembe ya jicho mpaka weupe ukaonekana. Asiposikizwa ndipo hunguruma, halafu huonyesha meno, halafu hung'ata hewa. Jino la kweli huja mwisho. Mbwa anayechapwa kila akinguruma hujifunza kunyamaza tu, na hofu yake hubaki palepale. Watu wakisema "mbwa huyu aliuma bila hata kuonya", mara nyingi onyo lilishafutwa kwa fimbo zamani.

Na mbwa wenyewe huelewana kwa sauti hizo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2010 watafiti wa Budapest, Hungaria, walichapisha jaribio ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Waliweka mfupa, na nyuma yake wakacheza sauti zilizorekodiwa za mbwa wasioonekana. Mbwa waliosikia mngurumo wa mwenzao anayelinda chakula waliuogopa mfupa kuliko waliosikia mngurumo wa kumtisha mgeni, au ule wa mchezo. Yaani mngurumo mmoja husema "hiki ni changu" na mwingine husema mambo mengine kabisa. Ule wa mchezo utautambua kwa mwili uliolegea, kifua chini, matako juu, leo huyu anakimbizwa, kesho yule.

Sasa, wanagombania nini? Chakula kwanza, hasa tunapowamwagia wote kwenye sufuria moja. Mahali pa kulala, mlango, hata wewe mwenyewe ukirudi kutoka kazini. Umri pia: mtoto wa mbwa aliyevumiliwa kwa kila jambo hukomaa kati ya mwaka mmoja na mitatu, na mkubwa huacha kumchukulia kama mtoto. Kisha kuna geti. Bodaboda ikipita, wote wawili hukimbilia huko wakibweka, hawawezi kumfikia mtu, na ghafla wanarukiana wao kwa wao. Hasira iliyomkosa mwenyewe humwangukia aliye karibu.

Sababu ambayo wengi wetu huiruka ni maumivu. Simba alianza kunguruma hata pasipo chakula, Tomi akimpita tu ubavuni. Nilidhani ni ubabe wa uzee. Daktari wa mifugo alimbonyeza nyonga mara moja tu, mzee akapiga kelele. Alikuwa anaogopa kugongwa. Kwa hiyo mbwa aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, mpeleke akaangaliwe masikio, meno na viungo kabla hujamhukumu. Tena mabadiliko ya ghafla yaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa, na hapo usimshike kabisa. Chanjo iwe ya kila mara. Akikuuma mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wapo watakaokwambia uwaache wapigane mpaka mmoja awe mfalme. Wazo hilo lilipata nguvu kutokana na mbwa mwitu wa kizungu (wolf) waliofungiwa pamoja katika hifadhi ya wanyama ya Basel, Uswisi, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. Mwaka 1999 David Mech, aliyewafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, alieleza kwamba huko kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Sasa sisi tunawafungia mbwa wasio ndugu ndani ya ukuta wa mawe, kisha tunashangaa.

Kwangu dawa ilikuwa ndogo: karai mbili, moja nyuma ya jikoni, nyingine kando ya tangi, na zinaondolewa wakishamaliza. Nikisikia mngurumo simpigii mtu kelele. Namwita Tomi kwa sauti ya kawaida aje upande wangu, akija anapata kipande cha mfupa. Getini nimeziba upenyo kwa mabati ili wasione barabara.

Wakishikana kweli, usitie mkono katikati wala usivute ukosi. Ndivyo watu wanavyoumwa na mbwa wao wenyewe. Mwaga ndoo ya maji, gonga sufuria, au sukuma ubao kati yao. Wakiachana, mmoja ndani, mwingine nje, mpaka kesho yake, hata kama baada ya dakika tano wanaonekana wamesahau.