Mpira gani wa gofu unakufaa? Anzia kwenye grini

Jumamosi iliyopita mama mmoja ninayemfundisha hapa Nairobi alifika na boksi jipya la mipira 12, ile ile tunayoiona kwa mabingwa kwenye televisheni. "Kocha, safari hii nimejikaza," akaniambia. Anacheza mwaka wa pili na hendikepu yake, yaani mapigo anayopunguziwa kulingana na uwezo wake, imepita 30. Tulipomaliza shimo la tisa, mitano ilikuwa imeshapotelea mtoni na vichakani. Niliumia, kwa sababu pesa za boksi lile zingemlipia masomo mawili.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwanafunzi halihusu nguvu zake. Namuuliza: ukicheza mashimo 18, unapoteza mipira mingapi? Ikizidi mitatu, nunua mpira wa tabaka mbili, wa bei nafuu, ucheze bila wasiwasi.

Kwenye begi langu natembea na mipira miwili niliyoikata katikati kwa msumeno. Wa kwanza, wa tabaka mbili, una kiini kimoja kikubwa cha raba, umefunikwa ganda gumu la plastiki iitwayo ionoma. Wa pili una kiini, kisha tabaka nyembamba, kisha ganda la yurethani, plastiki laini zaidi, lisilofika unene wa hata milimita moja. Bonyeza ganda hilo kwa ukucha na utahisi linakubali kidogo. Ulaini huo ndio unaolipia. Unapopiga kwa weji, fimbo ya kurusha mpira juu kwa umbali mfupi, mifereji ya fimbo hulishika ganda la yurethani na mpira unapata spini, yaani unajizungusha kwa kasi kurudi nyuma, kisha unatua kwenye grini, yale majani mafupi yenye shimo, na kusimama. Ganda la ionoma huteleza juu ya mifereji ile ile, mpira ukatua na kuendelea kubingirika.

Kwa anayeanza, kuteleza huko kuna faida yake upande wa draiva, fimbo ya kupiga mbali zaidi. Mpira wa tabaka mbili hujizungusha kidogo, na slaisi, lile pigo linalopinda pembeni na kukupeleka vichakani, hutokana na mpira kujizungusha huku umeinama upande. Spini ikipungua, na kupinda kunapungua. Hautakuponya slaisi, lakini mpira ambao ungevuka uzio unaweza kubaki kwenye nyasi ndefu ukauona.

Zamani uamuzi ulikuwa mgumu zaidi. Hadi kufikia mwaka 2000 mabingwa wengi walicheza mipira iliyofungwa nyuzi za raba ndani, na kwa miaka mingi ilifunikwa balata, ganda laini ambalo pigo moja baya lingeweza kulichana. Mwaka huo kampuni ya Titleist ikatoa mpira wa Pro V1, wenye kiini kizima na ganda la yurethani, na katika muda mfupi mipira ya nyuzi ikatoweka kwenye mashindano makubwa.

Kuna maneno nayasikia kila wiki: "Mimi sina nguvu, kwa hiyo nahitaji mpira laini ndiyo uende mbali." Hapana. Ulaini ni hisia ya mkono na sauti ya pigo, na mpira laini sana kwa kawaida hutoka kwenye fimbo polepole kidogo. Ukiupenda unavyosikika unapoputi, yaani unapoubingirisha kuelekea shimoni, uchague kwa sababu hiyo. Sheria zenyewe zinabana: mpira usiwe na kipenyo chini ya milimita 42.67, usizidi gramu 45.93, na hata kasi ya kuondoka ina kikomo. Boksi linalokuahidi mita 30 za ziada lirudishe kwenye rafu.

Sisi wa Nairobi tuna jambo letu pia. Hewa ya huku juu ni nyepesi, mpira unaruka mbali na kupinda kidogo. Ukishuka Vipingo, karibu na bahari, kwa fimbo ile ile mpira unaishia njiani, haufiki grini kwa umbali uliouzoea. Kusi likivuma usoni, mpira wenye spini nyingi hupanda, ukasimama hewani, ukadondoka. Nikienda Pwani nabeba mpira unaojizungusha kidogo, hata mimi niliyezoea yurethani.

Mipira ya dimbwini wanayouza makedi, wale wanaotubebea mabegi, ni mizuri kwa mazoezi. Kwa mashindano siiamini, kwa sababu uliokaa majini muda mrefu hupoteza kasi na kwa macho huwezi kuutambua.

Ukishashuka hendikepu 20 hivi, fanya jaribio hili. Simama hatua 20 kutoka kwenye bendera, chipu, yaani inua kwa pigo fupi, mipira mitano ya tabaka mbili na mitano ya yurethani kutoka mahali pamoja. Usifanye kwenye nyasi za kikuyu zilizorefuka: zinaingia kati ya fimbo na mpira, spini inapotea kwa yote, na hutajifunza kitu. Tafuta nyasi fupi. Ukiona ya yurethani inasimama mapema mara nne kati ya tano, mkono wako umeanza kuutumia mpira wa bei. Ikitawanyika ovyo yote kumi, bado. Ukishachagua, baki na aina hiyo hiyo kila raundi, maana mkono hujifunza umbali wa mpira mmoja.

Mama yule sasa anacheza mpira wa tabaka mbili wa rangi ya manjano, unaoonekana kirahisi kwenye majani. Ile saba iliyobaki ameiweka kwenye soksi ndani ya begi. Kila Jumamosi, kabla hatujaenda kwenye shimo la kwanza, tunaitoa na kuichipu sambamba na ya manjano. Juzi miwili ilisimama pale alipotaka.