Kompyuta ya mezani iliyotumika: kuichagua, kuipima na kuiwasha nyumbani

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo, au kule Luthuli Nairobi, zikiwa zimeshatumika ni mashine za ofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Kampuni za ng'ambo huzitoa kila baada ya miaka michache, gwaranti ya kiwandani inapokwisha, na nyingi hutoka zikiwa nzima. Huku kwetu zinakufa kwa umeme na vumbi, na zinapoonekana zimechoka mara nyingi kosa ni la diski ya zamani. Mnunuzi anayelijua hilo hupunguza matumizi kwenye prosesa na kuongeza kwenye SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) na UPS (kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika).

Jambo moja la lugha kabla ya kwenda mbele. Dukani neno "CPU" humaanisha kasha zima. Ukiulizia bei ya CPU utatajiwa bei ya kasha bila skrini, kibodi wala kipanya. Prosesa, ile chipu yenyewe, itaje kwa jina lake.

Namba iliyo nyuma ya "i5" au "i7"

Muuzaji atakuambia "hii ni Core i7" kana kwamba amemaliza maelezo. Hajamaliza. Soma tarakimu zinazofuata: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-6500 cha 6, i5-8500 cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10500, soma mbili za mwanzo. i7-2600 ilitoka mwaka 2011, i3-8100 ikatoka 2017. Kwa kazi za kila siku hiyo i3 itaishinda i7 ile, na itakula umeme kidogo zaidi. Stika ya i7 iliyobandikwa mbele ya kasha isikutishe, maana stika huhamishika. Jina la kasha husaidia zaidi: OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 ni za kizazi cha 4, OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2 ni za kizazi cha 6, OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 ni za kizazi cha 8. Uthibitisho wa mwisho uko ndani ya BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe unaofunguka kabla ya Windows.

Kizazi cha 8 ni mpaka wenye maana. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel kuanzia kizazi hicho pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 6, na itawaka vizuri tu, lakini Microsoft haikuhakikishii kuwa masasisho yataendelea kuja. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows, mfano ya mahesabu ya biashara, tafuta kizazi cha 8 au zaidi. Kwa barua, intaneti na masomo ya mtoto, kizazi cha 6 chenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, SSD na Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kinatosha kabisa. Cha 4 kinunue kwa bei ya chini sana au kiache.

Umbo la kasha nalo lina gharama yake. Lile refu kama mnara lina nafasi ya kuongeza vifaa. Jembamba la kulaza ndilo linalopatikana kwa wingi. Lile dogo kama kitabu linatumia RAM za laptop na adapta ya nje, na adapta isiyo yake ni chanzo cha matatizo mengi. Lakini kitu kinachowaumiza wanunuzi zaidi ni pawa saplai. Ya kawaida ina plagi ya pini 24 inayoingia kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. OptiPlex 9020 inatumia pini 8 na EliteDesk 800 G1 pini 6, kwa mpangilio wa kampuni zenyewe. Ikiungua, pawa saplai ya kawaida haitaingia bila kebo ya kubadilishia. Muulize muuzaji kabla hujalipa: "Pawa saplai ya hii unayo dukani, kama akiba?" Akisita, chagua modeli nyingine.

Nusu saa ya dukani

Nenda na flashi ya GB 8 iliyowekewa Linux Mint ya kuwashia bila kusakinisha. Mwambie muuzaji mapema kwamba utapima. Anayeiamini bidhaa yake hatakasirika.

Anza kasha likiwa wazi na waya wa umeme umechomolewa. Angalia kapasita, vile vimkebe vidogo kwenye madabodi: kichwa cha kapasita kinatakiwa kuwa bapa. Kilichovimba, au chenye ukoko wa kahawia, ni sababu tosha ya kuondoka. Kwa mashine iliyokaa pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, tafuta ukijani kwenye shaba na kutu kwenye skrubu, kwa sababu chumvi ya hewani hula njia za umeme polepole na madhara yake huonekana baadaye. Nusa pawa saplai. Harufu ya kuungua haiishi kwa kupulizwa upepo.

Soma lebo ya pawa saplai palipoandikwa INPUT. Inayofaa inasema 100–240V, au ina swichi nyekundu iliyowekwa kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115 kama ilivyotoka Marekani, siku ya kwanza ukichomeka itapasuka kwa kishindo. Printa kubwa za leza kutoka huko ndizo hatari zaidi, kwani nyingi hutengenezwa kwa 110V peke yake na hazina swichi.

Sasa washa na uingie BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikikudai neno la siri, ishia hapo. Katika mashine nyingi za ofisi neno hilo haliondoki kwa kutoa betri, na ahadi ya "fundi wangu atalifungua" ni tatizo lako ukishalipa. Humo ndani tazama pia kama kinga ya Absolute au Computrace imewashwa, maana mwenye mali wa kwanza anaweza kuifunga mashine akiwa mbali. Kisha soma prosesa na RAM. RAM ya GB 8 iliyo katika vipande viwili vya GB 4 ina kasi zaidi ya kipande kimoja cha GB 8, ila hujaza nafasi zote za kasha jembamba lenye nafasi mbili. Usinunue RAM ya kuongeza kwa kukisia. DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti na haziingiliani, na kwenye kizazi cha 6 utakutana na DDR3L na DDR4 pia.

Washa kwa flashi, F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Ndani ya Mint fungua programu ya Disks na usome taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ya diski. Mistari miwili ndiyo muhimu: sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa, "Reallocated", na sekta zinazosubiri, "Pending". Ya pili ikizidi sifuri, ikatae diski. Saa za kazi zisikushtue, mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760 na mashine za ofisi huachwa zikiwaka hata usiku. Hata hivyo diski ya kuzunguka utaibadilisha, kwa hiyo itumie kupunguzia bei.

Cheza video ya intaneti kwa dakika 20, kasha likiwa limefungwa. Feni ikilia kama ndege inayopaa, au mashine ikijizima, pesti iliyo kati ya prosesa na feni yake imekauka. Hilo ni tatizo dogo, linatengenezeka kwa muda mfupi, ila lifanyike kabla hujaondoka. Jaribu kila tundu la USB, la sauti na la kebo ya mtandao. Kumbuka kwamba mashine nyingi za ofisi hazina Wi-Fi, kamera wala maikrofoni. Adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB iweke kwenye hesabu yako mapema.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya kompyuta yako (serial number). Itakutetea kwenye gwaranti, na itakutetea pia ikigundulika kwamba bidhaa ile iliibwa. Gwaranti iwe walau ya mwezi mmoja, kwa sababu RAM mbovu hugundulika vizuri kwa kuiachia programu ya kuipima, Memtest86+, usiku kucha, jambo lisilowezekana dukani.

Skrini na vikorokoro

Skrini ipimwe ikiwa baridi. Iliyo na taa za mrija huwaka ikiwa nyekundu au hafifu kwa sekunde kadhaa, na inayozima baada ya sekunde mbili ilhali picha bado inaonekana kwa mbali ukiimulika tochi, taa zake zimekwisha. Nunua ya LED. Weka picha nyeupe yote, kisha nyeusi yote, uone madoa. Hakikisha mguu wake upo, kwani huuzwa kando.

Kwenye matundu ya picha ndipo watu hurudi dukani mara mbili. OptiPlex 9020 ina VGA na DisplayPort, haina HDMI. Adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI inafanya kazi upande mmoja tu: kompyuta yenye DisplayPort, skrini yenye HDMI. Ukiigeuza hutaona kitu, na adapta itakuwa haina kosa.

Kibodi zilizotoka Uingereza zimebadilisha mahali pa @ na alama ya kunukuu. Badili mpangilio kwenye mipangilio ya lugha badala ya kuilaumu kibodi. Zenye mpangilio wa Kifaransa au Kijerumani ziachie wanaozijua. Andika kila herufi kabla ya kulipa. Kipanya kipya ni rahisi kuliko kuhangaika na cha mtumba.

Umeme wa nyumbani

Kasha likikuchoma vidole kidogo unapoligusa, nyumba haina ethi (waya unaoshusha umeme ardhini) au umetumia ekstensheni ya pini mbili. Ndani ya pawa saplai mna kichujio kinachomwaga umeme mdogo kwenye waya wa ethi. Usipokuwepo, umeme huo hubaki kwenye bati la kasha. Kukata pini ya tatu ili plagi iingie ni kuifuta kinga hiyo. Mwite fundi umeme.

UPS ya 650VA hubeba takriban wati 360, na kasha jembamba na skrini ya LED kwa kazi za kawaida hutumia chini ya wati 100. Inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, haikusudiwi kukufikisha asubuhi. Ichaji saa 8 kabla ya kuitumia. Halafu ijaribu kompyuta ikiwa kwenye ukurasa wa BIOS, ambako hakuna faili la kuharibika: chomoa UPS ukutani. Mashine ikijiwasha upya, UPS hiyo haipatani na pawa saplai yako. Hutokea kwa UPS za bei nafuu ambazo umeme wake wa betri hauna wimbi laini, na dawa yake ni kubadilisha UPS. Printa ya leza isiingie kwenye matundu ya betri, maana inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mara moja. Umeme ukikatika kabisa, chomoa ukutani na usubiri dakika 5 baada ya kurudi. Msukumo wa mwanzo ndio unaoua.

Kuiwasha mara ya kwanza

Mashine iliyosafiri kwa bodaboda huweza kuwaka taa ya njano bila picha. Usiirudishe dukani bado. Hakikisha kebo ya skrini iko kwenye tundu sahihi. Kama kuna kadi ya picha, tumia tundu la kadi hiyo. Picha isipokuja, zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, toa RAM, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe hadi visikio vyote viwili vilie "tik". Tatizo hili huisha hapo mara nyingi sana.

Weka SSD ya GB 240 au 256 kisha sakinisha mfumo upya. Usinakili ule wa zamani, kwani hujui aliyekutangulia aliacha nini ndani. Jihadhari na SSD ya bei ya kutupa inayodai kuwa na TB 2, huandika faili mpya juu ya za zamani bila kukuambia. Programu ya H2testw huiumbua. Kwa Windows, tengeneza flashi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, na ruka sehemu ya ufunguo, maana mashine nyingi za ofisi zina leseni iliyohifadhiwa kwenye BIOS. Ikikudai barua pepe ya kampuni usiyoijua, mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza. Hiyo irudishe.

Saa ikirudi nyuma miaka kila ukizima umeme, betri ya CR2032 kwenye madabodi imekwisha. Watu wengi huilaumu intaneti, kwa sababu tovuti za benki na barua pepe hukataa kufunguka tarehe ikiwa si sahihi. Betri hiyo ni ya bei ndogo na inabadilishwa kwa kidole.

Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma ya kasha, lisikae sakafuni, na kila baada ya miezi mitatu lipulize vumbi ukiwa nje, ukiishika feni kwa kidole isizunguke. Betri ya UPS, kwa kawaida ya 12V 7Ah, hudumu miaka miwili au mitatu kwenye joto letu. Ikianza kuzima mara tu umeme unapokatika, badilisha betri peke yake. Ya zamani usiitupe jalalani, ina risasi na tindikali, na wanunuzi wa betri chakavu za magari huichukua kwa kilo.