Je, wajua kwa nini steringi mpelelezi hupelekwa ughaibuni pati tuu?

Jumamosi iliyopita, kwenye kibanda umiza kimoja cha Chang'ombe hapa Dodoma, kijana aliyekaa nyuma yangu aliuliza: "Huyu si polisi wa kwao? Huku kafuata nini?" Muvi ilikuwa pati tuu, yaani sehemu ya pili, na steringi wake, mpelelezi, ndiyo kwanza anashuka kwenye ndege, nchi ambayo hata salamu yake haijui.

Wengi watakujibu ni hela. Kweli, nchi kama Malta humrudishia mtengeneza filamu hadi asilimia 40 ya gharama alizotumia huko. Lakini kama ni hela tu, mbona wapelelezi ndio husafirishwa hivi?

Nionavyo, pati wani imemdekeza steringi. Ana bastola, ana kitambulisho, ana wapasha habari kila kijiwe. Na kibanda kizima kinajua steringi hafi. Utamtisha na nini tena? Mkatie tiketi ya ndege, vyote vinabaki nyumbani.

Chukua The French Connection ya 1971. Doyle, polisi wa New York, anatamba mitaa ya kwao. Mwaka 1975, sehemu ya pili ikampeleka Marseille, Ufaransa, kumsaka muuza unga aliyemponyoka. Kifaransa hajui, hata kuagiza kinywaji baa ni shughuli. Maadui wanamteka, wanamdunga heroini mpaka anakuwa teja. Kwao nani angethubutu? Rush Hour, muvi ya polisi wawili, mmoja wa Hong Kong na mwenzake wa Los Angeles, nao waligeuza kibao: 1998 mgeni ni Jackie Chan ndani ya Los Angeles, 2001 ni zamu ya Chris Tucker kushangaa Hong Kong.

Kisheria, yule kijana alikuwa sahihi. Kwa kawaida, polisi akivuka mpaka hana mamlaka ya kukamata. Hata Interpol, shirika la polisi wa kimataifa lenye makao yake Lyon, Ufaransa, haina askari wa kuvunja milango. Husambaza taarifa, na anayefunga pingu ni polisi wa nchi husika. Ndiyo maana muvi hizi hazikosi ofisa mwenyeji mwenye sura ya kazi, wa kumwambia mgeni atulie. Huyohuyo baadaye ndiye mkalimani wake.

Kibandani kwetu lakini DJ, yule anayetafsiri muvi, anaivuruga hesabu hiyo. Mgeni na mwenyeji wote anawatafsiri kwa Kiswahili kilekile, kwa sauti ileile. Steringi akabaki ametoa macho mbele ya muuza duka anayeongea Kiswahili safi kabisa, na kijana wa nyuma akauliza tena: "Sasa hapo hajaelewa nini?"