Jiji Linapofilisika: Maana Yake, na Yaliyoikuta Detroit

Kampuni ikifilisika tunajua kinachofuata: dalali anakuja, mali inapigwa mnada, milango inafungwa. Jiji haliwezi kufungwa. Hata lisipobaki na senti, taka lazima zizolewe, nyumba ikishika moto zimamoto lazima watoke, na anayefungua bomba alfajiri anategemea maji. Kwa hiyo jiji kuwa muflisi maana yake ni kwamba limeshindwa kulipa madeni yanapoiva, na limekimbilia mahakamani kupata kinga dhidi ya wadai wakati likitafuta mapatano nao.

Marekani ina Sura ya 9 ya sheria ya ufilisi kwa ajili ya jambo hilo. Jaji hana mamlaka ya kuamuru mali ya jiji iuzwe wala ya kulipangia matumizi. Anaamua kama limefilisika kweli, kisha anapima mpango wa kulipa: unatekelezeka, na una haki? Jiji kubwa kuliko yote lililowahi kupitia mlango huo ni Detroit, jimbo la Michigan. Lilipeleka ombi lake tarehe 18 Julai 2013, likidaiwa kiasi kilichokadiriwa kuwa dola bilioni 18.

Wengi husema liliangushwa na ufisadi. Ufisadi ulikuwepo, meya wa zamani, Kwame Kilpatrick, alihukumiwa mwaka huohuo kifungo cha miaka 28. Lakini hata kila kilichoibwa kingerudishwa, shimo lisingezibika. Mzizi ni wa zamani zaidi. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu wapatao milioni 1.85. Sensa ya 2010 ilikuta 713,777. Viwanda vya magari vilihamia vitongojini na kwingineko, na Wazungu wenye kipato wakavifuata. Walianza kuhama kabla ya ghasia za 1967 zilizoua watu 43, na baada yake wakazidi. Ubaguzi wa nyumba uliwazuia Weusi kuhamia huko kwa miaka mingi, na wao walipopata nafasi, wengi nao waliondoka.

Kila aliyehama aliondoka na kodi yake. Barabara, mabomba na nguzo za taa vilibaki, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 360. Ilibaki pia ahadi ya pensheni kwa walioajiriwa enzi jiji lilipokuwa kubwa, hadi wastaafu wakawa karibu mara mbili ya wafanyakazi waliobaki kazini. Mapato ya jiji yana miguu, gharama zake hazina. Sioni namna ya kuielewa Detroit bila kushika hilo kwanza.

Likabanwa, jiji likakopa. Mwaka 2005 lilichukua takriban dola bilioni 1.4 kujazia mifuko ya pensheni, kwa mikataba iliyokuwa na faida endapo tu riba zingepanda. Baada ya msukosuko wa 2008 riba zilianguka, na mwaka uliofuata jiji likaweka rehani kodi ya kasino, mojawapo ya mapato yake machache ya uhakika. Ilikuwa kukopa harusi, kulipa matanga.

Athari zilikuja kabla ya mahakama. Taa za barabarani zipatazo asilimia 40 zilikuwa haziwaki, na aliyepiga simu ya dharura aliwasubiri polisi kwa wastani wa dakika 58. Jaji Steven Rhodes aliyesikiliza kesi aliita hali hiyo kufilisika kwa huduma, na naona jina hilo linasema kweli zaidi kuliko takwimu yoyote ya deni. Madaraka nayo yalihama: gavana alimteua msimamizi wa dharura, Kevyn Orr, na meya na madiwani waliochaguliwa na wananchi wakawekwa kando. Mwaka 2014 idara ya maji ilikatia maelfu ya nyumba. Deni la dola 150 lilitosha.

Kisha macho yakageukia jumba la sanaa la jiji. Mle ndani kuna picha ambayo Van Gogh alijichora mwenyewe, na kuta ambazo Diego Rivera alizijaza wafanyakazi wa kiwanda cha Ford, wameinama juu ya mitambo. Wadai walitaka mkusanyiko ule uuzwe. Badala yake wakfu mbalimbali, serikali ya jimbo na wafadhili wa jumba hilo waliahidi takriban dola milioni 816, ili picha zibaki na pensheni zisikatwe sana.

Fedha hizo zilikuwa na sharti: wastaafu wapige kura ya kukubali. Mstaafu wa kawaida, asiye polisi wala zimamoto, alipata wastani wa dola 19,000 kwa mwaka. Karatasi ya kura ilimweleza kwamba akikubali atapunguziwa asilimia 4.5, hataongezewa tena kitu bei zikipanda, na hawezi kushtaki. Kura ikikataa, makato yangefika asilimia 27. Bima yake ya afya ilikuwa imeshapunguzwa vibaya. Kura zilipohesabiwa Julai 2014, wengi walikuwa wamekubali.